Baada ya Eda, Jua la Tanga

Mimi ni fundi cherehani wa Korogwe na ni mjane. Ushuhuda huu nautoa kwa wanawake waliofiwa na waume zao, hasa wale ambao eda yao imekwisha kwa hesabu ya siku lakini machoni pa watu bado inaendelea. Naona ni wajibu kuusema kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuusikia ukisemwa. Mjane husomewa mawaidha mengi juu ya subira. Juu ya furaha hakuna anayemwambia neno.

Eda yenyewe siilalamikii. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, sikupaka wanja wala hina, sikujifukiza udi, na nyumba ilijaa watu waliojua la kufanya. Mama mkwe alilala nami chumba kimoja. Majirani walipika kwa zamu. Kila aliyeingia alinikuta nimekaa na hakuna aliyenitaka nisimame. Kwa mwanamke ambaye tangu usichana hajapata kukaa bila kazi mkononi, hiyo ni rehema kubwa, na naamini Aliyeiamrisha anatujua kuliko tunavyojijua. Ilipotimia, akina shangazi walikuja kunitoa. Nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya, ikasomwa dua, tukala wali. Kisha kila mmoja akarudi kwake.

Kesho yake sikujua nifanye nini na uhuru ule. Nguo mpya niliikunja nikaiweka sandukuni, nikarudia zile za rangi ya kahawia na buluu iliyoiva. Nilipokaribishwa harusini nilituma mchango, mwenyewe sikwenda. Na sare za harusi hizo nimeshona mimi! Magauni ya upande wa bibi harusi yalipita kwenye mashine yangu moja moja, nikatia pindo, nikapiga pasi, nikayakabidhi, na siku ya sherehe nikabaki dukani na vipande vya vitambaa sakafuni. Redio niliyozoea kusikilizia taarabu nikishona niliizima na kuifunika kitambaa. Watu wakanisifu. "Mjane yule ana heshima." "Hajamsahau mumewe." Sifa zile zilinishika kuliko huzuni yenyewe. Huzuni huja na kupungua, lakini sifa ukishaipata unaogopa kuipoteza, na kila siku inakudai uendelee kustahili. Binti yangu na mdogo wake wa kiume wakazoea kuchekea uani. Wakiingia ndani walinyamaza na kunyata, kama watu wanaopita karibu na anayeswali.

Aliyeniita Tanga ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Jambo hilo lina uzito wake. Hakuwa shoga yangu, wala hakuwa mtu wa upande wetu. Amenyonya ziwa moja na mume wangu, na kama yupo duniani mwenye haki ya kunidai machozi, basi ni yeye. Alipiga simu mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika, akasema bila kuzunguka, "Wifi, Jumamosi njoo. Watoto waache kwa bibi yao. Na usije na kitambaa cha mtu."

Nikapanda Coaster ya alfajiri. Barabara ya kutoka Korogwe, ukishapita Segera na kuingia Hale, ina mashamba ya mkonge yaliyonyooka kwa mistari, na mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, aliifanya darasa kila tuliposafiri na watoto. Alianza na Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu. Akawaambia kwamba kutokana na hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji wa kwanza wa katani duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya sitini. Akamalizia kwa baba yake, kuli wa bandari ya Tanga, aliyepakia marobota ya katani kwenye matishari enzi ambazo meli zilitia nanga mbali na gati. Maelezo yale nilikuwa nayajua kwa sauti yake tu. Asubuhi ile nilikaa dirishani nikajikuta nayasema mwenyewe, chini chini, mwaka na idadi ya miche na jina la Hindorf, na abiria wa pembeni akanigeukia akidhani namsemesha.

Wifi anaishi Ngamiani, upande wa pili wa reli, kule ambako mitaa imepewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Nilimkuta ameshaandaa chai ya maziwa yenye tangawizi, maandazi, na mbaazi zilizokolea nazi. Nilipomaliza kula nikainuka kukusanya vyombo. Akavitoa mikononi mwangu. "Leo huna kazi hapa," akasema, "wala kwingine." Kisha akanionyesha baiskeli mbili zilizoegemezwa ukutani, moja yake, nyingine ameazima kwa jirani.

Asiyeijua Tanga atashangaa. Mji ule ni tambarare, na baiskeli ni ya kila mtu, wa kike kwa wa kiume, na mwanamke mwenye umri wa wifi yangu, aliyevuka hamsini, akipita na buibui lake limekusanywa vizuri lisinaswe na mnyororo, hakuna anayegeuka kumtazama. Mimi ni mtoto wa Lushoto, na kule milimani baiskeli nilijifunzia ya kaka zangu, kwa kuteremka zaidi kuliko kupanda. Tangu niolewe sikuwa nimeigusa. Nilipokanyaga pedeli mara ya kwanza miguu ilikumbuka kabla yangu. Tukavuka reli, tukaingia upande wa mjini wenye majumba ya kale ya Kijerumani na ya Kihindi yenye roshani za mbao, tukapita chini ya miti mikubwa, upepo wa kaskazi ukitupiga ubavuni, na wifi mbele yangu akiitikia salamu kushoto na kulia.

Tuliteremkia Bustani ya Jamhuri, pale juu inapotazama bandari. Ilikuwa yapata saa nne na maji yalikuwa yamepwa kabisa. Upande wa pili wa ghuba, kisiwa cha Toten kilikuwa kimevuliwa hadi kwenye mizizi ya mikoko yake. Ndani ya kisiwa kile mna magofu ya msikiti na makaburi ya watu wa kale. Bandarini ilikuwapo meli kubwa imefunga gatini, maana siku hizi kina kimeongezwa na matishari yale ya baba mkwe yamebaki masimulizi. Chini ya mti wazee walikuwa wakicheza bao. Kijana wa kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, wifi akamwita, tukanywa kahawa chungu kwa kashata.

Tukakaa. Sina neno kubwa zaidi la kueleza tulichofanya, ila ndicho kilichonibadilisha, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikae nacho kidogo. Mwanzoni mikono yangu ilitafuta kitu. Nilikunja ncha ya mtandio, nikaikunjua. Nilihesabu vikombe. Nilimwuliza wifi kama tunamngoja mtu, akasema hapana. Nilimwuliza tutaondoka saa ngapi, akasema tukichoka. Jua lilikuwa limepanda na kivuli cha mti kikaanza kutuacha miguuni, nami nilitaka kusogea, halafu nikaona sina sababu ya kusogea. Joto lile likapanda kutoka vidoleni hadi magotini. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili ni kitu kinachoweza kupewa chochote kizuri. Kwa muda mrefu ule wote nilikuwa naulisha, nausafisha na kuutumikisha, basi.

Ndipo wifi akaanza kumzungumza mdogo wake. Hakumzungumza kama marehemu. Alimzungumza kama mtu. Akanikumbusha kipindi kile wavuvi wa Tanga walipoanza kunasa silikanti kwenye majarife yao ya papa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mume wangu alichanganyikiwa kwa furaha. Samaki huyo wataalamu walimdhani ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, na sasa anatolewa baharini na watu aliokulia nao mtaa mmoja! Leo eneo lile ni hifadhi ya bahari, tangu mwaka 2009, kwa ajili ya samaki huyo. Wifi akanisimulia nisichokijua: kwamba siku moja ilipovuma habari kuwa kuna mmoja ameshushwa, mume wangu alimtoa dada yake jikoni na unga wa maandazi viganjani, wakakimbilia soko la samaki la Deep Sea. Pale akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akawahutubia wachuuzi juu ya mapezi yanayofanana na viungo vya miguu na juu ya mamilioni ya miaka. Watu wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, analiwa na nazi au anakaangwa?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, hadharani, nikajishika tumbo, na wazee wa bao wakainua vichwa. Kwa sababu nilimwona! Nilimwona juu ya ile ndoo, miwani imemteremka puani, akiumia moyo kwa swali lile. Tangu afe nilikuwa namwona kitandani hospitali tu. Kicheko ndicho kilichonirudishia mume wangu akiwa mzima.

Kisha nikaogopa, nikamtazama wifi usoni nione kama nimemkosea.

"Wifi," akasema, "aya ya eda unaijua?"

Nikamwambia naijua. Al-Baqara, aya ya 234.

"Isome."

Nikaisoma hadi penye miezi minne na siku kumi, nikakoma.

"Na baada ya hapo?"

Sikujibu. Akaimalizia yeye, taratibu, kidole kikiwa kimeinuliwa kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Aya ile ile inaendelea kusema kwamba wanawake hao wakishatimiza muda wao, hakuna lawama kwa yale wanayojifanyia nafsi zao kwa wema. Nimeisikia aya hii kwenye misiba mingi, na mara nyingi msomaji huishia kwenye hesabu ya siku. Huenda ni kwa kuwa hesabu ndiyo swali la watu wakati huo. Lakini matokeo yake ni kwamba tunajua kumwingiza mjane ndani, na kumtoa tunakumbuka kwa sinia moja ya wali. Ukomo umewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na ni huruma ile ile iliyoiweka eda. Yeyote anayemwongezea mjane siku juu ya zile, hata kwa sifa, anaongeza kisichokuwamo.

"Sisi hatukudai," wifi akasema. "Ndugu yangu umemlilia haki yake, nimekuona. Ila aliipenda hii bahari, na mkewe hajaiingia hata siku moja."

Ni kweli. Kila tulipokuja Tanga yeye aliogelea na watoto, mimi nikabaki ngazini nimeshika taulo na viatu vyao.

Mchana ulipita haraka. Tulipitia Deep Sea, wifi akanunua vibua na pweza, akamwachia muuzaji mmoja anayemwamini. Tukaswali adhuhuri. Tukala wali kwa samaki wa kupaka na juisi ya ukwaju, tukajilaza kwenye jamvi, na mimi nililala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba, mdomo wazi, nikaamshwa kwa ajili ya alasiri.

Baada ya swala tukaendesha kuelekea Raskazone, rasi iliyo mashariki ya mji. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishuka upande huu, likashindwa na askari wachache zaidi wa von Lettow-Vorbeck, na mpaka leo watu husimulia nyuki walivyotoka mizingani wakawashambulia wapiganaji. Hilo nalo mume wangu alikuwa na mhadhara wake. Leo Raskazone ni mahali pa familia: watoto wakiruka kutoka ngazini, akina mama wamejitanda kanga, mihogo inakaangwa kando ya njia.

Maji yalikuwa yamejaa hadi ngazi za juu. Asubuhi ghuba ilikuwa tope na mawe, na sasa ilikuwa bahari kamili, buluu hadi ilipokutana na mikoko. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa Jumamosi ile na si nyingine. Mwezi ulikuwa mpevu, ni bamvua, na kwa bamvua Tanga maji hupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Wifi alikuwa ametazama mwezi kabla ya kunipigia simu. Mtu aliyefikiwa na msiba huzungukwa na watu wanaomhurumia. Kupangiwa jambo jema kwa uangalifu kiasi hicho ni kitu kingine, na nilipokitambua nilishindwa kusema.

Niliingia na dera langu. Ngazi ya kwanza, ya pili, maji ya uvuguvugu yakafika magotini, dera likajaa hewa na kuelea kunizunguka. Sikuwa najua kuogelea, na sijui vizuri hata sasa. Wifi akaja nyuma yangu. "Lala chali," akasema. "Kichwa niachie mimi." Nikashindwa. Nikashindwa tena, miguu ikizama, maji ya chumvi yakiniingia puani, watoto wawili wa watu wakinipa maelekezo kwa bidii kubwa. Kisha shingo ikalegea, kichwa kikakaa kwenye kiganja chake, na maji yakanibeba.

Mjane hakumbatiwi sana. Huja wengi wiki ya kwanza, halafu mwili wako unakuwa wako peke yako. Kiganja kile kilikuwa cha kwanza kunishika hivyo tangu nilipoogeshwa siku ya kutolewa eda. Masikio yalikuwa majini, kelele zote zimefifia, jua la jioni limenilalia usoni na kifuani, na sikuwa namfanyia mtu yeyote kazi yoyote. Nilimwombea mume wangu nikiwa vile vile, chali juu ya bahari yake. Nilimwombea vizuri kuliko nilivyowahi, kwa sababu dua ile haikuwa na hofu ndani yake.

Tukala mihogo kwa chachandu tukiwa tumejifunika kanga kavu. Njaa niliyokuwa nayo sikuijua ilikotoka.

Sisemi kwamba huzuni iliisha siku ile. Ipo, na Ramadhani hunijia kwa nguvu, wakati wa daku, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituamsha. Kilichoondoka ni ule ulinzi niliokuwa nimejiwekea dhidi ya kila kizuri. Nilirudi Korogwe, Jumatatu nikaifunua redio. Mwezi uliofuata nikahudhuria harusi niliyoishonea sare, nami nikiwa nimevaa ile ile sare, na nikacheza pale akina mama tulipojifungia ndani. Wanangu ndio waliogundua mapema kuliko wote. Jioni moja kijana wangu alisimulia kisa cha shuleni mezani, akasita katikati, akanitazama. Nikamwambia, malizia. Akamalizia, tukacheka watatu, na tangu hapo uani pamebaki pa kufulia.

Maneno yalikuwapo. Bibi mmoja wa mtaani, ninayemheshimu, alinifuata dukani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapata mtu. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia, "Bibi, nimepata Jumamosi moja." Hakuridhika, ila alikaa tukazungumza, na kabla hajaondoka aliniambia yeye amekuwa mjane tangu ujana wake na hajavaa nyekundu tangu wakati huo.

Namfikiria pia Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapo hapo Tanga. Alipofiwa na mkewe Amina alimwandikia shairi la maombolezo ambalo linasomwa mashuleni hadi leo. Kisha akaoa tena, akaandika vitabu vyake vikubwa, na sijasikia mtu akisema kwamba kwa kuendelea kuishi alimsahau Amina. Shairi lipo, na maisha yaliyofuata yapo, na vyote viwili ni heshima kwake. Natamani tuwasomee wajane wetu mfano huo kwa moyo ule ule tunaomsomea yeye.

Bibi yule wa mtaani nilimshonea dera jekundu. Halafu nilifanya alichonifanyia wifi: nikatazama mwezi. Sasa tumekuwa kundi dogo la wajane wa Korogwe, Waislamu na Wakristo, fundi, muuza mboga, mwalimu mstaafu, na kila inapopatikana Jumamosi ya bamvua ambayo mwenzetu fulani ametoka karibuni kwenye matanga au eda yake, tunafunga tulichonacho na kupanda Coaster ya alfajiri. Kazi haibebwi. Tunabeba dera la zamani la kuingilia majini, kanga mbili kavu, na nauli. Wifi anapika mbaazi na kuazima baiskeli kwa majirani, na asiyejua kuendesha tunampakia nyuma.